Juisi Aliyokunywa Jirani

Milpa Alta, 4 Septemba 1987

Mdogo wangu Crisóforo,

Umetoka hospitali, nami nimepata barua yako, ambayo karibu yote inahusu mvua ya Xalapa. Mvua ya Xalapa naijua. Nilichokuuliza ni sukari yako. Nimelazimika kuipata habari hiyo kwa daktari, kwa simu ya duka la dawa, huku foleni nzima ya watu wa mtaa ikinisikiliza. Sasa Milpa Alta yote inajua kwamba fundi cherehani Crisóforo Chavira ana sukari ya kutosha kuokea keki ya harusi.

Basi nisikilize, na usinikatize, maana kutoka huko huwezi.

Ulipokuwa umelazwa niliweka nadhiri. Ndiyo, mimi, niliyefukuzwa katika kamati ya kanisa kwa kumwambia padri kwamba anasoma Injili kama orodha ya bei. Nilipiga magoti nikamwambia Yesu, Bwana wa Chalma: mrudishie ndugu yangu pumzi, naye Januari atakuja kwako kwa miguu yake, njia yote ya mlimani, pamoja na mahujaji wenzetu. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ulikuwa umefunikwa barakoa ya hewa. Ameshatimiza lake. Limebaki lako.

Kwa hiyo utaanza na juisi ya kijani. Chukua nopali moja changa, jani la dungusi kubwa kama kiganja chako, bua la seleri pamoja na majani yake, konzi ya kotmiri na majani machache ya mnanaa. Kisha kipande cha nanasi, chembamba, nakujua wewe. Kamulia humo chungwa moja. Sukari usitie, asali usitie. Saga kwenye blenda, usichuje, unywe palepale asubuhi kabla hujatia kitu kingine kinywani. Hata kahawa. Hata ule mkate wako wa kujazwa tamale, donge la unga wa mahindi ndani ya unga wa ngano, ambao nikiwa serikali ningeuweka chini ya ulinzi wa polisi.

Na nisieleweke vibaya. Juisi haiponyi kisukari. Kila gazeti siku hizi lina ukurasa wa mtu aliyekunywa jani fulani akatupa magongo yake, na wanaoandika kurasa hizo ni matapeli wa kufungwa jela. Vidonge vya daktari utameza, na kliniki utakwenda. Juisi ni mboga tu, lakini wewe hujala mboga tangu mama afariki, na unakunywa soda kama farasi anywavyo maji. Hapa kwetu maji ya bomba huja siku yanayotaka, lakini lori la soda halijawahi kuchelewa hata mara moja. Hilo nalo hakuna padri anayelihubiri.

Nimekutumia boksi la nopali kwa basi la asubuhi. Zimetoka shambani kwetu, miba nimetoa mwenyewe. Anwani yangu nimeiandika juu kwa wino mkubwa, wasije wakasema lilipotea.

Dada yako anayekutaka hai,
Eulogia


Xalapa, 13 Septemba 1987

Dada Eulogia, shikamoo.

Boksi limefika. Nimefanya ulivyosema, na naona ni haki yako kujua yaliyotokea.

Nilikata nopali, nikaichemsha kwa ganda la kitunguu na ile sarafu ya shaba ya mama, mpaka ute wote ukatoka. Nikaisuuza vizuri. Kisha nikasaga na hayo mengine. Ikatoka kitu cha rangi ya bwawa. Nikaonja. Dada, nakupenda, na najua ulivyohangaika na miba, lakini nilihisi kama nimelamba ukuta wa kisima.

Kutupa sikuthubutu, ni jasho lako. Nikampelekea jirani, Bi. Práxedes, mwenye duka la vifungo na nyuzi. Duka liko mbele, chumba chake kinatazamana na changu ng'ambo ya ua. Nilibisha hodi nikiwa nimeshika glasi kama mhudumu wa hoteli. Akaiangalia, akaniangalia.

"Bwana Crisóforo, hii ni juisi, au ni maji uliyooshea brashi?"

Nikamwambia ni ya afya. Akasema, "Afya ya nani?" Akacheka hadi akashika mlango. Kicheko chake, Dada, kinafika barabarani; wenye mikokoteni husimama kuuliza kuna nini. Lakini aliimaliza yote, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akasema kama kesho ipo nyingine hatakataa.

Nimeona nikujulishe kwamba haikupotea bure.

Mvua bado inanyesha.

Mdogo wako,
Crisóforo


Milpa Alta, 20 Septemba 1987

Crisóforo!

UMEICHEMSHA!

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Unajua umefanya nini? Umetoa ute! Ute ndio tunaoutaka! Ni kweli mama alichemsha nopali kwa ganda la kitunguu na sarafu, na mimi nachemsha, na kila mwanamke wa mji huu anachemsha, kwa sababu hakuna anayetaka saladi inayoteleza. Kwa saladi, kwa mayai, kwa nyama. Kwenye juisi inaingia mbichi, na ute wake wote, unashuka tumboni na kukaa humo na kukupunguzia njaa. Mgeni asingekosea hivyo, maana mgeni hajui hata kama ute hutolewa. Limehitaji jitu lililozaliwa katikati ya mashamba ya nopali ili kuharibu kitu chepesi namna hii.

Mbichi! Ioshe, ikate, isage. Basi.

Na huyo Bi. Práxedes mwachie vifungo vyake. Mgonjwa ni wewe. Jina hilo linanionyesha mama wa umri wa shangazi Domitila, Mungu amrehemu, na tumbo la mzee si mahali pa kujaribia mapishi yako. Mpelekee supu ukitaka thawabu.

Boksi la pili liko njiani. Niandikie kuhusu mwili wako, si kuhusu mawingu.

Eulogia


Xalapa, 18 Oktoba 1987

Dada mpenzi,

Umeshinda. Mbichi ni kitu kingine kabisa. Inateleza, lakini mnanaa unasaidia, na nimegundua kwamba ukiweka tango kidogo inapoa vizuri.

Umetaka habari za mwili, hizi hapa. Usingizi umekuwa mzito, wa moja kwa moja hadi jogoo. Tumbo lililokuwa likijaa gesi kila jioni limetulia. Ngazi za kupanda sokoni, zile zilizokuwa na vituo vitatu vya kupumzika, sasa hazina hata kimoja. Uso unang'aa. Na juzi nilikaa kwenye cherehani nikapunguza kiuno cha nguo, vidole viwili kamili, kwa mkono wangu mwenyewe, na sijawahi kushona mshono kwa furaha kama ile.

Kila asubuhi glasi inanyweka yote. Hakuna kinachobaki.

Jambo moja dogo. Bi. Práxedes si mzee. Sikumbuki kukuambia ni mzee. Ana miaka arobaini na tisa, mjane, mume wake alikuwa dereva wa malori ya kahawa. Anatoka pwani, Veracruz, anaongea kwa mikono yote miwili. Nakuambia ili usije ukamfikiria vibaya.

Siku hizi nimekuwa na vifungo vingi sana. Sijui nitavishona wapi.

Crisóforo


Milpa Alta, 27 Oktoba 1987

Mdogo wangu, shujaa wangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya wanawake wote wa soko la nopali. Nilipofika kwenye vidole viwili vya kiuno walipiga makofi. Bi. Crescencia, yule aliyesema utazikwa kabla ya Krismasi, alijifanya anatafuta kisu chake chini ya meza. Nilimsubiri mpaka akainuka, nikamsomea tena.

Nimemwambia msimamizi wa hija kwamba unakuja. Ameandika jina lako katika kundi letu, la wanaotembea, si la wanaopanda lori. Nimekununulia blanketi zito, maana usiku kule mlimani baridi haina adabu.

Nilisema sitalia nikiandika barua hii. Wino ukiwa umeyeyuka mahali ni mvua. Na kwetu pia hunyesha.

Eulogia


Xalapa, 9 Novemba 1987

Mwalimu Eulogia, salamu nyingi.

Hunijui. Naitwa Práxedes Utrera, jirani wa ndugu yako, aliyeniambia kwamba ulifundisha shule. Anwani yako nimeitoa kwenye boksi la nopali. Mwandiko wako unasomeka mpaka kituo cha mabasi. Nisamehe kwa kuandika bila kutambulishwa, lakini kwa mama mimi nilifundishwa kwamba ukilishwa na mtu unasema asante, na wewe umenilisha tangu Septemba.

Mwalimu, juisi yako imenirudishia ujana! Nilikuwa silali, sasa nalala hadi jogoo. Tumbo lilikuwa linajaa gesi kama mpira, limetulia. Ngazi za soko napanda huku nasalimia watu. Sketi zangu zilinivuka kiunoni, ikabidi Bwana Crisóforo anipunguzie, vidole viwili, akakataa kabisa kulipwa. Wateja wananiuliza napaka nini usoni. Nawaambia: nopali, kutoka kwa mwalimu wa Milpa Alta.

Ila dhamiri inanisumbua. Yeye mwenyewe hainywi. Kila asubuhi anabisha hodi, anasimama hapo mlangoni mpaka nimalize, anachukua glasi, anaondoka. Nikimwambia, "Na wewe je?" anasema daktari amemkataza nopali, eti ni kali kwa watu wa sukari. Kisha namwona kupitia dirisha anafungua chupa ya soda na kula kipande cha mkate wa tamale. Mimi si daktari, lakini nilizikwa na mume aliyekula hivyohivyo. Namaanisha nilimzika. Unaona, hata kuandika nikikasirika nachanganya.

Mwambie wewe. Mimi akinitazama na ile glasi mkononi nashindwa kumkaripia.

Wako kwa heshima,
Práxedes


Milpa Alta, 17 Novemba 1987

Mpenzi Bi. Práxedes,

Nimeisoma barua yako mara mbili: mara ya kwanza nikitafuta fimbo, mara ya pili nikicheka mpaka majirani wakaja.

Vidole viwili vya kiuno vilikuwa vyako! Usingizi wako, tumbo lako, ngazi zako! Na mimi nimesimama sokoni nimewatangazia watu sketi yako kana kwamba ni suruali yake. Yule mtu hakuandika uongo hata mmoja, alificha tu mwenye mwili. Angezaliwa mahali pengine angekuwa waziri.

Daktari hakumkataza nopali. Daktari alimkataza soda. Kwa hiyo tufanye hivi, mwanamke kwa mwanamke. Kesho akija na glasi, usiipokee. Mwambie kunywa wewe kwanza, hapa, mbele yangu, yote. Akikunja uso mwache akunje. Akisema chochote kuhusu daktari, mwambie Eulogia amempigia simu tena, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Na umtoe nje atembee. Mji wenu una kilima katikati, mpandishe.

Na sasa nakualika. Mwaka mpya njoo naye kwetu, tuende wote Chalma. Tunatembea, tunalala milimani, tunapika kwa moto wa kuni, tunacheka kuliko tunavyosali. Na kwa kuwa itakuwa mara yako ya kwanza, lazima uvikwe taji la maua na ucheze mbele ya ule mti mkubwa wa kale, pale chemchemi inapotoka mizizini. Hakuna anayefika mara ya kwanza bila kucheza. Wametuchezesha wote, wanene, wembamba, na wenye digrii.

Anayekuvika taji anakuwa mzazi wako wa taji, nawe unakuwa mtoto wake, maisha yote. Nimeshaamua: atakuvika Crisóforo. Hiyo itakuwa adhabu yake na heshima yako. Atakuwa baba yako mbele ya Mungu na watu, na kwetu baba wa taji hathubutu kumdanganya binti yake tena, hata kwa glasi ya maji.

Jibu ndiyo.

Eulogia


Xalapa, 17 Novemba 1987

Dada,

Siwezi kuendelea. Umenisomea barua sokoni, umeninunulia blanketi, na kila nikifikiria lile blanketi najisikia mwizi.

Juisi sijainywa hata siku moja tangu ile ya kwanza ya rangi ya bwawa. Anakunywa Práxedes. Kiuno ni chake, ngazi ni zake, kila kitu ni chake. Mimi ni yuleyule uliyemwacha hospitali, ila na vifungo vingi.

Usinitukane kwanza, sikia sababu. Nimekaa ng'ambo ya ua ule tangu mke wangu Amparo afariki, na nilikuwa sijawahi kubisha mlango wa yule mwanamke. Ningebisha nimwambie nini? Kununua kifungo kunachukua dakika moja, tena kaunta iko katikati. Kisha wewe ukanitumia boksi. Asubuhi ile ya kwanza alikunywa juisi akacheka, akasema kesho nije tena. Basi nikaja. Nikikuambia kwamba naamka kabla ya saa kumi na mbili, nachagua mnanaa jani kwa jani, utanielewa? Nikiinywa mwenyewe jikoni kwangu, kesho nitabisha hodi kwa kisingizio gani?

Nataka kumwoa. Nimesema. Ni wewe wa kwanza kujua, yeye bado. Nina miaka hamsini na mmoja na nikiwa mbele yake nasahau mikono yangu niiweke wapi. Nimepanga kumwambia mwaka mpya, kama nitafika huko bila kufa kwa woga au kwa sukari.

Tukana sasa.

Crisóforo


Milpa Alta, 25 Novemba 1987

Crisóforo,

Barua zetu zimepishana njiani na mimi nimezua janga.

Sikutukani. Ningekutukana kwa kurasa nne kwa kudhani mwanamke wa arobaini na tisa, mwenye duka lake, anamfungulia mlango mwanamume yuleyule kila asubuhi kwa sababu ya seleri. Lakini hakuna nafasi.

Nilimwandikia. Nilimwalika Chalma, na nimemwahidi kwamba WEWE utamvika taji. Unajua maana yake. Ukimvika taji ni binti yako, na hapa kwetu baba wa taji hamwoi binti yake, hata akiwa mjane, hata wakiwa na umri mmoja, hata serikali iandike cheti. Unamkumbuka Wenceslao wa mtaa wa juu? Alimvika taji yule msichana wa Tláhuac kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na kikapu cha maua, basi, hana sababu nyingine. Miezi sita baadaye wakapendana. Wanapishana sokoni mpaka leo, anamwita "baba", naye anageuka kuangalia nyanya.

Najua unachotaka kusema: Eulogia, wewe umepinga mila hii na ile maisha yako yote. Nimezipinga, na nitaendelea. Nimepinga mahari, nimepinga wanawake kula baada ya wanaume, nimepinga fataki karibu na shule. Hii siipingi. Kila kitu kingine kati ya watu kinauzwa siku hizi. Huu udugu wa taji bado haujapata bei, na sitakuwa mimi wa kuutoboa kwa ajili ya ndugu yangu.

Kwa hiyo usimvike. Hata akuombe, hata alie. Na mwambie sababu MWENYEWE, mapema, kwa maneno kamili yenye mwanzo na mwisho. Usipofanya hivyo wewe, nitamwambia mimi, na unajua mimi nikisema mambo yanavyotoka.

Na kunywa juisi!

Eulogia


Xalapa, 8 Desemba 1987

Mwalimu Eulogia,

Nilitaka kukupa habari njema, na ninazo, basi nianze nazo. Kaka yako anakunywa. Asubuhi ile nilikunja mikono nikamwambia, "Wewe kwanza." Alinyanyua glasi kama mtu anayekwenda kupigwa risasi. Sasa tunakunywa pamoja, glasi mbili, hapo mlangoni. Kisha tunapanda kilima cha Macuiltépetl. Mwanzoni alikuwa anasimama kila kona akijifanya anatazama ndege. Juzi tulifika juu, na ndege hakuwatazama. Kliniki wamempima wakasema sukari imeshuka, isije ikapanda tena, vidonge aendelee. Soda ameacha, nilimkuta na moja, nikammwagia kwenye chungu cha maua mbele ya macho yake.

Sasa mabaya. Nilimwambia kuhusu taji. Nilikuwa na furaha, Mwalimu, nilishona mpaka nguo. Nikamwambia, "Kwa hiyo utakuwa baba yangu, ujue!" nikacheka. Yeye hakucheka. Akawa mweupe kama chaki. Akasema hawezi. Nikauliza kwa nini. Akasema mkono unamuuma.

Mkono! Mkono uleule unaokata kitambaa cha suti kuanzia asubuhi mpaka jioni! Nikamwambia taji la maua halizidi uzito wa kofia. Akasema ni bega. Nikamwambia bega lipi, akaonyesha la kushoto, kisha la kulia.

Mimi si mjinga. Mtu wa nje nisiyejulikana ukoo, mjane wa dereva, muuza vifungo. Kuniletea glasi mlangoni sawa, lakini mbele ya watu wa kwao hawezi kusimama nami. Angesema hivyo tu, ningeheshimu. Tangu siku ile simfungulii. Anabisha, anasimama, anaondoka. Nasikia anavyoondoka.

Asante kwa mwaliko. Sitakuja.

Práxedes


TELEGRAMU
Kutoka: Milpa Alta, 14 Desemba 1987
Kwa: Crisóforo Chavira, Xalapa

BEGA LIPI MPUMBAVU WEWE. ANADHANI UNAMWONEA AIBU. HAJUI MILA YETU NANI ANGEMWAMBIA. HAFUNGUI MLANGO MWANDIKIE. LEO SI KESHO. EULOGIA


Xalapa, ng'ambo ya ua, 14 Desemba 1987

Bi. Práxedes,

Naipitisha barua hii chini ya mlango kwa kuwa huo mlango sasa ndio ninaoujua kuliko mlango wowote duniani, na haufunguki.

Mkono hauniumi. Bega haliniumi, la kushoto wala la kulia. Ningeweza kukubeba wewe na taji lako mpaka juu ya Macuiltépetl, kama ungeniruhusu kusimama mara moja au mbili kutazama ndege.

Dada yangu hakukueleza yote, kwa sababu kwake ni jambo ambalo kila mtu analijua, kama vile maji huteremka. Kwetu mtu akikuvika taji la Chalma anakuwa baba yako kwelikweli. Na baba hamwoi binti yake. Hata zipite karne. Uliposema "utakuwa baba yangu" na ukacheka, mimi niliona mlango unafungwa, mlango mkubwa kuliko huu, nikakimbilia bega.

Sitaki kuwa baba yako. Sijawahi kutotaka kitu kama ninavyokataa hicho. Baba, kaka, mjomba, msimamizi, jirani mwema, vyote hivyo wape wengine. Nataka uwe mke wangu.

Na hilo la kukuonea aibu: niliwaandikia watu wa kwetu juu ya kiuno chako kabla hujajua kwamba nakitazama. Kama kuna mtu wa kuona aibu hapa, si wewe.

Kuhusu daktari na nopali nilikudanganya. Nisamehe. Nilitaka kuendelea kubisha.

Crisóforo


Xalapa, ng'ambo ya ua, 14 Desemba 1987, jioni

Bwana Crisóforo,

Nimesoma. Nimefunga duka, nikasoma tena, mteja mmoja wa zipu amebisha sana ameondoka kwa hasira.

La kwanza. Mimi nilikuwa nadhani unaniletea ile juisi kwa wema tu. Nilikuwa nasema moyoni, huyu bwana ana huruma, ananitunza tumbo. Zile siku za mwanzo nilikunywa nikiziba pumzi, Crisóforo! Ilikuwa mbaya mno! Ile iliyochemshwa bado naiota. Niliinywa kwa sababu ulikuwa umesimama pale umevaa tai, asubuhi yote ile, tai.

La pili. Kucheza nitacheza. Nimeshashona nguo, na sitakosa kucheza mbele ya mti wa watu kwa sababu wewe unanitaka mke. Mwandikie dada yako atafute mikono mingine ya kunivika. Yako nina kazi nayo.

La tatu ni ndiyo. Lakini mtu haulizwi jambo hili kwa karatasi wakati nakusikia unavyokohoa kutoka hapa nilipo. Fungua dirisha. Niulize kwa sauti. Ua mzima umesikia kicheko changu miaka yote hii, na wasikie hilo pia.

Práxedes


Milpa Alta, 22 Desemba 1987

Wapenzi Crisóforo na Práxedes,

Barua yenu ya pamoja nimeipata. Nimeisoma sokoni. Bi. Crescencia alilia, kisha akasema alijua tangu mwanzo, nami nikamwacha aseme, maana ni Krismasi.

Mnaambiwa na watu wa Xalapa kwamba ni juisi ndiyo iliyofanya haya. Kanusheni. Nitaandika kwenye gazeti nikisikia mtu anaisambaza habari hiyo. Kesho kutwa tapeli fulani atauza nopali kama dawa ya mapenzi na atatajirika. Juisi ni mboga. Endeleeni kuinywa, na kliniki mwende.

Njooni tarehe mbili. Tunaondoka alfajiri ya tarehe tatu. Crisóforo, viatu vilivyozoea mguu, si vipya. Práxedes, sweta mbili. Maua ya taji nimeshayaagiza: karnesheni nyeupe na nyekundu, na majani yale yanayonukia.

Práxedes, nitakuvika mimi. Nitakuwa mama yako wa taji, nawe utakuwa binti yangu, na mdogo wangu atakuwa mkwe wangu, jambo ambalo nimelisubiri bila kujua, kwa maana mkwe unaweza kumkaripia hata mbele ya watu. Nimemuuliza msimamizi wa hija kama lina shida. Amefikiri sana, amekuna kichwa, amesema halijawahi kutokea lakini haliko katika makatazo.

Crisóforo asimame upande wa pili wa mti na wanaume wengine, apige makofi ukicheza, alie akitaka. Lakini mpaka ngoma iishe asisogee, na asiguse hata ua moja. Likidondoka taji, aliache lidondoke. Nitaliokota mimi.

Mama yako mtarajiwa, na wifi yako,
Eulogia